Trekta Kuukuu Haiulizi Nenosiri

Kuna neno ambalo wauzaji wa vifaa vya shamba wamelitumia siku hizi hadi limechujuka: "mahiri". Pampu mahiri, vali mahiri, trekta mahiri. Ukiuliza umahiri wenyewe uko wapi, unaonyeshwa programu kwenye simu yenye picha ya jani la kijani. Ukiuliza ni nani ataitengeneza ikiharibika wiki ya kwanza ya mvua ndefu, maongezi yanahamia kwenye bei.

Mimi ni mwandishi wa programu. Unga wa nyumbani kwangu unatoka kwenye tarakilishi, kwa hivyo asiniambie mtu kwamba naogopa teknolojia. Ninachosema ni hiki, na niko tayari kubishana na yeyote: trekta ndogo ya bustani iliyotengenezwa Marekani mwaka wa 1963 inamheshimu mwenyewe kuliko mashine nyingi zinazouzwa leo kwa jina la maendeleo. Na dharau hiyo ya leo haikuandikwa na wauzaji. Tuliiandika sisi watu wa programu, mstari kwa mstari.

Kwa wale wasiozijua trekta hizi, nieleze kidogo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani wengi walihamia viungani mwa miji, kwenye nyumba zenye uwanja wa ekari moja au mbili. Uwanja kama huo ni mkubwa mno kwa mashine ya kusukuma kwa mkono, na ni mdogo mno kwa trekta ya shamba. Viwanda vikaona soko. Familia ya Pond kule South Bend, Indiana, ikaanza kuunda Wheel Horse. International Harvester ikaleta Cub Cadet kwa msimu wa 1961, ikitumia gia za trekta yake ndogo ya shamba, Farmall Cub. John Deere ikafuata mwaka wa 1963 na trekta yake iliyoitwa 110. Cub Cadet ya kwanza na 110 ya kwanza zote zilikuwa na nguvu za farasi 7 tu. Baadaye zikapanda hadi 10, 12, 14 na 16.

Farasi 7! Bodaboda nyingi zinazokupita hapo stegi zina zaidi ya hizo. Lakini nguvu hizo zilipitia kwenye gia nzito za chuma, zikavuta plau ya jembe moja udongoni, na zikafanya hivyo msimu baada ya msimu. Nyingi bado zinafanya. Kule Marekani kuna watu ambao hukutana masika kila mmoja na trekta yake ya bustani yenye umri wa miaka 50 au 60, wakagawana shamba na kulilima siku nzima. Sasa chukua simu uliyonunua miaka mitano iliyopita, unionyeshe kazi inayofanya.

Siri yao haiko kwenye chuma peke yake. Chuma kizuri huoza kama kingine kikiachwa nje. Siri ni kwamba trekta hizi zinaweza kusomwa.

Tuchukue mfano. Trekta nyingi za aina hii zilifungwa injini za Kohler za mfululizo wa K: K161, K181, K241, K301 na ndugu zao. Silinda moja, bloku ya chuma cha kusubu, inapozwa kwa hewa. Sema umeipata moja ghalani, imekaa miaka 15 haijaguswa, na haitaki kuwaka. Unafanya nini? Injini ya petroli inataka vitu vitatu: cheche, mafuta na mbano. Unaanza na cheche. Toa plagi, irudishe kwenye waya wake, ilaze juu ya kichwa cha injini, zungusha stata. Hakuna cheche? Nenda ubavuni mwa bloku. Pale nje kuna kifuniko kidogo. Kifungue. Ndani utaona pointi, ambazo husukumwa na kijiti kinachotoka kwenye shafti ya kemu. Kutu imezikaa. Zisafishe, ziwekee mwanya wa inchi 0.020, yaani nusu milimita hivi, upime kwa fila geji, urudishe kifuniko. Hukufungua flaiwili. Hukumpigia mtu simu. Umetumia bisibisi, kipande cha msasa na kijibati cha kupimia.

Cheche iko lakini bado haiwaki? Fungua bakuli la kabureta. Petroli ya zamani imeacha gundi ya rangi ya asali. Isafishe, puliza vijitundu, badilisha mipira ya mafuta iliyopasuka. Kabureta hizo zina sindano mbili za kurekebisha kwa bisibisi, moja ya mngurumo wa kupumzika na moja ya mzigo. Unasikiliza kwa sikio lako, unageuza robo raundi, unasikiliza tena. Betri haichaji? Kwenye nyingi ya trekta za miaka hiyo, kitu kilekile kinachowasha injini kwa mkanda ndicho kinachogeuka jenereta injini ikishawaka. Kitu kimoja, kazi mbili, nyaya unazoweza kuzihesabu kwa vidole.

Msomaji mwenzangu wa taaluma hii, unaitambua kazi hiyo? Ndiyo hiyohiyo unayofanya saa nane za usiku programu inapogoma. Unagawanya tatizo katikati, unathibitisha nusu moja, unahamia nusu nyingine. Tofauti ni kwamba mhandisi wa 1963 alikuachia mlango wazi kila mahali ambapo ungehitaji kuchungulia. Mwongozo wa fundi ulikuwa na mchoro wa kila sehemu ikiwa imetawanywa, namba ya kila sehemu, na kila mwanya na kila kiasi cha kukaza. Wapenzi wa mashine hizi wameichukua miongozo hiyo, wakaipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuiweka kwenye mtandao. Hiyo tunaiitaje sisi? Programu huria. Msimbo uko wazi, unausoma, unaurekebisha, unampa jirani.

Na vipuri? Hapa ndipo watu hunicheka: "Utapata wapi spea ya trekta ya babu?" Jibu langu ni kwamba waliounda mashine hizo hawakubuni kila kitu upya ili kukufunga. Chukua beringi. Ikiwa ubavuni imeandikwa 6205, basi tundu lake ni milimita 25, upana wa nje 52, unene 15. Ni hivyo Kentucky, ni hivyo Ujerumani, na ni hivyo kwa yule mama wa duka la beringi Kirinyaga Road, ambaye hatakuuliza inaenda kwenye mashine gani. Sili za oili zimeandikwa vipimo. Mikanda inapimwa kwa upana na urefu. Bolti ni bolti. Yasiyopatikana, fundi wa leti huyachonga, kwa sababu ni chuma kisicho na siri ndani. Namba iliyo wazi ina nguvu kuliko jina la kampuni. Wheel Horse ilinunuliwa na Toro mwaka wa 1986, na International Harvester iliuza Cub Cadet mwaka wa 1981. Kampuni zimekuja, zimeondoka, na trekta zimebaki zikifanya kazi, kwa sababu hazikuhitaji ruhusa ya kampuni ili ziendelee kuishi.

Jiulize, kampuni iliyotengeneza kifaa chako mahiri ikifungwa kesho na seva zake kuzimwa, utabaki na nini? Sanduku la plastiki lenye taa nyekundu.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo ninalolipenda zaidi kama mtu wa programu: vifaa vya kufungia. Trekta ya bustani yenyewe ni nusu ya habari. Chini ya tumbo inafungwa kikatia nyasi. Kipupwe kikifika unatoa kikatia nyasi na kufunga mashine ya kurusha theluji au bamba la kuisukuma. Majira ya kupanda, plau, haro, au mashine ya meno yanayozunguka ya kusaga udongo. Kiwanda kimoja kilitengeneza trekta, na kiwanda kingine kabisa, kama Brinly-Hardy cha Louisville, kikatengeneza plau za kuingia kwenye trekta za watu wengi. Iliwezekana kwa sababu mahali pa kuungana palijulikana: tundu la kipimo fulani, pini ya kipimo fulani. Ukifuata kipimo, unaingia. Hiyo ndiyo maana halisi ya kiolesura, si ile tunayoandika kwenye matangazo kisha tunaibadilisha kila miezi sita.

Kwetu Kenya jambo hili tunalijua kwa jina la Ferguson. Ferguson TE20, ile ya kijivu, iliundwa Coventry kuanzia 1946 hadi 1956, na zaidi ya 500,000 zilitoka kiwandani. Harry Ferguson aliweka nyuma ya trekta mikono mitatu ya kushikia vifaa, inayoinuliwa kwa haidroliki. Hata spana aliyoitoa na trekta ilikuwa na alama za inchi ili mkulima aitumie pia kama rula shambani. Ferguson hakuwa mtakatifu wa programu huria, tusidanganyane. Alilinda hataza zake kwa meno na kucha, na kesi yake na Ford iliisha mwaka wa 1952 kwa malipo ya dola milioni 9.25. Lakini hataza huisha muda. Mikono ile mitatu ikawa kiwango cha dunia nzima, na leo plau iliyochomelewa na fundi wa jua kali inaingia nyuma ya trekta ya kampuni yoyote inayofuata kipimo hicho. Shafti ya nyuma, ile mafundi wanaiita PTO, inazunguka mara 540 kwa dakika, na kila mwenye kutengeneza kifaa cha kuzungushwa nayo anaijua namba hiyo. Hakuna anayelipa kila mwezi ili aruhusiwe kuijua.

Ndiyo maana Massey Ferguson 35 na 135 bado unazikuta zikilima huku kwetu, na ile 135 ilitoka mwaka wa 1964. Si kwa sababu wakulima wetu ni washamba wasiojua vitu vipya. Ni hesabu. Mvua inaponyesha, mkulima wa mahindi ana siku chache za kulima na kupanda. Trekta ikikwama Jumatatu, fundi anakuja Jumatatu jioni na pikipiki, spana zimo ndani ya gunia. Anafungua, anaona, anatuma kijana mjini kuleta ringi au gaskiti, na Jumatano plau iko udongoni. Mashine ya kisasa inayokwama kwa sababu sensa moja imetoa namba ambayo tarakilishi ya wakala pekee ndiyo inaweza kuifuta, itangoja wakala. Na mvua haimngoji wakala. Wiki mbili za kuchelewa kupanda ni magunia yaliyopotea, na magunia yaliyopotea ni karo ya shule iliyopotea. Hapo ndipo mjadala wangu ulipo.

Tuje sasa kwenye kufuli lenyewe, maana kuna wanaodhani natunga. Marekani ilipitisha sheria ya hakimiliki ya kidijitali mwaka wa 1998, ile inayoitwa DMCA, na kuvunja kinga iliyowekwa juu ya programu kukawa kosa. Programu zilipoingia ndani ya matrekta, mkulima akajikuta ananunua chuma lakini msimbo unaoendesha chuma hicho si wake kuugusa. Ilibidi mwaka wa 2015 mamlaka husika kule yatoe ruhusa maalumu kwamba mwenye gari au trekta anaweza kupita kinga hiyo ili aitengeneze. Lakini ruhusa ya kuvunja kufuli si sawa na kupewa ufunguo. Januari 2023 John Deere na shirikisho la wakulima la American Farm Bureau Federation walitia sahihi makubaliano: kampuni itatoa vifaa na miongozo, na shirikisho halitapigia debe sheria za haki ya kutengeneza. Jimbo la Colorado halikuridhika na maneno matamu. Likapitisha sheria yake ya haki ya kutengeneza mashine za kilimo mwaka huohuo, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2024. Januari 2025, tume ya biashara ya serikali ya Marekani pamoja na majimbo ya Illinois na Minnesota wakaishtaki John Deere mahakamani kuhusu jambo hilihili la ukarabati. Kampuni ileile iliyotengeneza 110 ya mwaka wa 1963! Ukitaka kuona jinsi nasaba inavyoharibika, linganisha mashine hizo mbili.

Na kuna kisa cha 2022 ambacho wengi walikishangilia. Mwezi wa Mei mwaka huo iliripotiwa kwamba mashine za kilimo zilizoibwa na wanajeshi wa Urusi katika mji wa Melitopol, Ukraine, zilizimwa kutoka mbali. Watu wakapiga makofi: wezi wamekomeshwa! Mimi nami siwaonei huruma wezi. Lakini swichi hiyo haijui nani mwizi na nani mwenyewe. Inajua tu nani ana nenosiri, na nenosiri haliko kwa mkulima. Miezi mitatu baadaye, Agosti 2022, mtafiti anayejiita Sick Codes alisimama mbele ya mkutano wa DEF CON akiwa amefungua skrini ya trekta ya John Deere, na mchezo wa Doom ukicheza juu yake. Watu wakacheka. Mimi nilisikia ujumbe mwingine: kufuli lile lilikuwa kubwa vya kutosha kumzuia mkulima, lakini si kubwa vya kutosha kumzuia anayelitaka kweli.

Msidhani haya ni ya Marekani tu. Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja hapa Nairobi, ambayo sitaitaja, iliniita niandike programu ya kidhibiti cha pampu za kunyunyizia maji. Kazi ilikuwa nzuri hadi nilipofika ukurasa wa mwisho wa maelezo. Pampu ilitakiwa izime yenyewe ikikosa kuongea na seva kwa saa 72. Nikauliza: mkulima akiwa amelipa kila kitu, lakini mnara wa simu umeanguka? Nikajibiwa, kwa upole kabisa, kwamba hilo ni jambo la huduma kwa wateja. Pia mota ilitakiwa iwe na namba ya siri, ili mota ya duka lingine isikubaliwe hata kama ni sawa kwa kila kitu. Nikawaambia nitaandika yote isipokuwa hayo mawili. Tukaachana. Najua walipata mtu mwingine. Daima kuna mtu mwingine, na ndiyo sababu naandika haya.

Sheria yetu inasemaje? Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa aliyonunua. Soma tena: kikamilifu. Mimi si wakili, lakini kama mwongozo wa kurekebisha mashine niliyolipia si habari ya aina hiyo, sijui habari ni nini. Upande wa pili, Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 nayo inakataza kuvunja kinga za kiufundi. Sheria hizo mbili zitakutana siku moja shambani kwa mtu, na ni afadhali tuwe tumeshajadiliana kabla ya siku hiyo.

Sasa nijibu wanaonipinga, maana baadhi ya hoja zao zina uzito.

Wa kwanza husema mashine kuukuu ni hatari. Ni kweli. Trekta nyingi za bustani za miaka ya 60 hazina swichi ya kiti inayozima injini dereva akianguka. Bitana za breki na klachi za zamani zaweza kuwa na asbesto, na rangi yaweza kuwa na risasi, kwa hivyo usizipige msasa mkavu ukivuta vumbi hilo. Shafti ya PTO isiyofunikwa inashika nguo na kumaliza mtu. Trekta ya shamba isiyo na fremu ya kumkinga dereva ikipinduka ni jeneza. Lakini tazama: swichi ya kiti ni kitu cha bei ndogo na nyaya mbili, na kwenye mashine iliyo wazi unaifunga mwenyewe. Fremu inaundwa na kufungwa. Kifuniko cha shafti kinanunuliwa. Uwazi ndio unaokuwezesha kuongeza usalama. Kwenye mashine iliyofungwa unapata usalama ambao kampuni iliamua kukupa, basi.

Wa pili husema zinachafua hewa na kunywa mafuta. Nakubali kwamba injini mpya huchoma mafuta vizuri zaidi. Lakini kuyeyusha chuma kipya, kukiunda na kukivusha bahari nako kunachoma mafuta, na mashine inayotupwa baada ya miaka minane kwa kukosa kadi moja ya elektroniki haina haki ya kuihubiria iliyofanya kazi miaka 60. Isitoshe, sidai tusiwe na injini mpya. Nadai injini mpya zije na miongozo yake.

Wa tatu husema, "Bila kufuli, kampuni italipwaje kwa utafiti wake?" Italipwa kama Kohler ilivyolipwa kwa injini zake: kwa kuuza kitu kizuri, kisha kuuza vipuri vizuri. Anayependa spea halisi ataendelea kununua spea halisi. Kampuni inayoogopa kwamba mteja akipewa uhuru atakimbia, inajua jambo fulani kuhusu bei zake.

Kuna kundi la nne, na hawa ni watu wangu, kwa hivyo nitawasema bila huruma. Ni wale wapenzi wa mashine kuukuu wanaozikarabati hadi zing'ae kama sufuria ya harusi, kisha wanazifunika kwa turubai. Rangi kamili ya mwaka wa kiwanda, stika kamili, hata bolti zina alama sahihi, lakini plau haijaonja udongo. Jamani! Trekta haikuumbwa iwe picha ya ukutani. Ukiificha, sili zinakauka, petroli inageuka gundi, na ujuzi unakauka pamoja nayo. Mashine inayofanya kazi ndiyo hufundisha kijana kusikia tofauti ya mlio wa vali na mlio wa beringi. Yule mzee anayelimia bustani yake ya sukumawiki kwa trekta yenye rangi iliyobabuka na kiti kilichoshonwa kwa gunia anafanya kazi kubwa ya kuhifadhi historia kuliko nyinyi wote.

Eneo letu lilishalipa karo ya somo hili. Mwaka wa 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Tanganyika, makao yake Kongwa. Walileta mashine kwa mamia, nyingi zikiwa masalio ya vita, hata vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Kulikuwa na sababu nyingi za kushindwa: udongo uliogeuka saruji wakati wa kiangazi, mvua chache, magugu yenye mizizi ya kuvunja chuma. Lakini mojawapo ilikuwa hii: mashine zilikuja kabla ya vipuri, na kabla ya mafundi wa kuzijua. Zikasimama msituni. Mradi ukaachwa mwaka wa 1951, na pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikafutwa vitabuni. Mashine usiyoweza kuitengeneza mahali ilipo si mali. Ni mzigo uliopakwa rangi.

Kwa hivyo nina ombi kwa kila mwandishi wa programu wa Kenya ambaye kesho ataitwa kuandika msimbo wa pampu, trekta, kichanja cha kukaushia au mashine ya kukamua maziwa. Weka masharti haya mezani kabla ya kutia sahihi:

1. Mashine ifanye kazi yake ya msingi bila mtandao. Seva ikifa, maji yaendelee kutoka.

2. Namba ya hitilafu isomwe kwenye mashine yenyewe, kwa lugha ya mkulima, na maana yake iwe kwenye mwongozo uliochapishwa.

3. Kipuri chenye vipimo sahihi kikubaliwe, kikitoka kwa yeyote. Hakuna namba ya siri ndani ya beringi, na isiwepo ndani ya mota.

4. Kampuni ikiacha kutunza bidhaa, msimbo na michoro viwekwe wazi.

5. Kuwe na njia ya kuwasha kwa mkono. Daima.

Hakuna hata moja kati ya hayo inayohitaji ubunifu mpya. Wahandisi wa South Bend na Louisville waliyatimiza yote bila kuyaandika, kwa sababu hawakuwa na njia nyingine ya kufanya. Sisi tunayo njia nyingine, na hapo ndipo mtihani ulipo. Mwanya wa nusu milimita kwenye pointi ulikuwa siri ya kila mtu. Mwanya tunaouweka sisi kati ya mkulima na mashine yake ni wa kusudi, na una jina la mwandishi ndani ya faili.

Kama umeajiriwa kuuandika, nenda kesho ukaulize maswali. Na kama una trekta kuukuu nyuma ya nyumba, imefunikwa mabati na kuku wanalala juu yake, Jumamosi hii fukuza kuku, toa plagi, tafuta cheche. Hutahitaji kujisajili popote.